Mkono wa Kutia Chumvi

Binti yangu alikuwa na miaka tisa aliponiuliza swali lililonipeleka hospitali. Tulikuwa jikoni, maharage yanachemka, nami nilikuwa nimemwita aje atie chumvi. Akachota kwa vidole vitatu, akanyunyiza, akakoroga, kisha akaniangalia mwiko ukiwa bado mkononi.

"Mama," akasema, "mbona mwezi huu umeniita mara nyingi hivi?"

Nikamwambia afunike sufuria aende akasome. Hilo ndilo jibu nililompa, mimi mwalimu wa sayansi wa darasa la sita na la saba, niliyechora mji wa mimba ubaoni kwa chaki za rangi mwaka baada ya mwaka bila hata kutazama kitabu.

Asiyetoka kwetu atashangaa swali la chumvi linahusianaje na hospitali. Nilizaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Waanglikana wanaoishi kwa samaki na muhogo, nikaolewa juu milimani upande wa Mbuji, kwa Wamatengo Wakatoliki wenye kahawa na mahindi. Watu wa pande hizi mbili hawaachi kutaniana. Kwetu wanasema watu wa milimani hawajui kuogelea wala kuoga. Huku wanasema Mnyasa akikosa samaki siku mbili anaugua. Lakini kwa chumvi wanakubaliana. Mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Akitia, mume atakohoa kikohozi kisichosikia dawa, na watoto watakonda. Kwa hiyo anaita mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, au bibi aliyekwishakoma, na kusema tu, "Njoo unitilie chumvi." Hasemi zaidi ya hapo, wala haulizwi. Kila aliyemo uani amekwisha kujua, mume akiwa wa kwanza.

Mimi sikuwa naamini. Lakini kutoamini ni jambo moja, na kupika mboga itakayoliwa na mama mkwe ni jambo jingine. Nilikuwa namwita binti yangu siku nne au tano kila mwezi, maisha yanaendelea. Mwezi ule nilikuwa nimemwita siku kumi na mbili. Damu ilikuja kwa wakati wake, ikakoma, ikarudi kidogo, ikakoma, na mara mbili ilirudi baada ya mimi na baba watoto kuwa pamoja. Sikuwa na maumivu yoyote. Nilijiambia ni umri, ni uchovu wa kusahihisha mitihani, ni maharage mabichi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Usiku ule swali la binti yangu lilikaa na mimi kitandani, kwa sababu nami niliwahi kuwa mtoto wa kutia chumvi, na sikuuliza.

Nilikuwa kitinda mimba. Mama alinizaa akiwa mtu mzima, na nilipofika miaka kumi alikuwa amekwishakoma siku nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa na majirani kuwatilia chumvi. Kisha, karibu na wakati wa kupanda, akaanza kuniita mimi. Nilifurahi mno. Chumvi ya wakati ule ilikuwa ya mawe, tunaitunza kwenye kibuyu juu ya moto isiloe, na kupewa kile kibuyu kulikuwa cheo. Nilitia chumvi kwenye samaki, kwenye kisamvu, kwenye maharage. Wanawake kisimani walimcheka kwa upole, wakasema shoga yao amerudi usichana. Mama naye alicheka. Nilitia chumvi hadi tukavuna. Baada ya hapo nikawa napika mwenyewe, maana yeye alikuwa hainuki. Walisema ni tumbo. Alipokufa walisema vilevile, tumbo, na baba akakaa uani siku nyingi akitazama majivu ya jikoni.

Nilikuwa nimeanza kufundisha niliposoma ndani ya kitabu kwamba mwanamke aliyekoma akitoka damu tena, aende hospitali haraka. Nilikifunga kitabu kile, nikatoka nje ya ofisi ya walimu na kusimama juani. Sikumwambia mtu.

Sasa nilikuwa na miaka arobaini, na mtoto wangu anaijua hesabu.

Haya yalitokea miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani na magari yao, kila mmoja akiapa kwamba bei yake ndiyo bei. Maduka ya Mbinga mjini yalijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Hospitali ya misheni nayo ilikuwa imeanzisha jambo jipya: tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa, kwamba akina mama wote waliopita miaka thelathini waende kupimwa kizazi mara moja kwa mwaka, *hata wasioumwa*. Kanisa zima lilinong'ona. Nyuma yangu mama mmoja alisema kwa sauti ya kutosha, "Asiyeumwa anakwenda hospitali kufanya nini, kusalimia?" Tukacheka. Nilicheka kuliko wote, na siku ile tayari nilikuwa nimemwita binti yangu mara sita.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nilikuwa nikiitoa kwenye mtihani, wanafunzi wamalizie nusu ya pili, na aliyekosea nilimkata alama.

Nikaamua kwenda. Nilimwambia baba watoto nakwenda kwa mratibu wa elimu kata kupeleka takwimu za madawati. Kwa nini nilidanganya, sijui. Labda kwa sababu kusema kweli kungenilazimu kulitaja lile ambalo nyumbani kwetu lilisemwa kwa chumvi tu. Siku mbili kabla, nilishuka mnadani nikapekua rundo la mitumba hadi nikapata gauni la ndani jeupe lenye ua dogo kifuani. Nikalifua, nikalipiga pasi. Sikutaka wauguzi waseme mwalimu amekuja na tambara. Asubuhi nilioga, nikajiona bado, nikaoga tena.

Kwa miguu ilikuwa safari ya asubuhi nzima, kupanda na kushuka. Mashamba ya ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili udongo usikimbie na maji, yalikuwa yamepandwa maharage, na umande ulinilowesha hadi magotini. Njiani nilipanga maneno. Nitasema, naomba kupimwa. Hapana, nitasema nimesikia tangazo. Nilipofika getini maneno yote yalikuwa yamekimbia.

Kwenye benchi tulikuwa wanawake tisa. Mmoja alikuwa ametoka mbali, Kingerikiti, amelala njiani kwa ndugu yake. Alikuwa na daftari lake la hospitali limefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya shamba. Mwingine alikuwa mama wa mwanafunzi wangu. Akaniona, akasogea.

"Shikamoo, mwalimu. Na wewe umekuja kuchunguliwa?"

Benchi zima likageuka. Nilikuwa na jibu kali mdomoni, maana mimi hasira zangu ziko karibu, lakini nilimwangalia machoni nikaona yeye mwenyewe anaogopa hadi midomo imemkauka.

"Marahaba," nikasema. "Nimekuja. Mficha uchi hazai."

"Sisi tumeshazaa, mwalimu," akajibu yule wa Kingerikiti, "uchi tunauficha wa nini tena?" Tukacheka wote, na baada ya hapo benchi lilikuwa jepesi kidogo.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa kandambili za bluu, sauti yake ya mtu asiye na haraka. Nilimwamkia akaitikia, akanipima uzito na presha, akaniketisha nyuma ya pazia akafungua daftari langu. Maswali yake yalikuja moja baada ya jingine, kama mtu anayeuliza habari za shamba. Nimezaa mara ngapi. Mimba zilizoharibika. Siku zangu za mwisho zilikuwa lini. Natumia njia gani ya uzazi wa mpango. Uchafu, harufu, mwasho. Nilijibu kama mwanafunzi bora.

"Unatoka damu wakati ambao si wako?"

Nikatazama pazia.

Hakurudia swali. Aliweka kalamu juu ya daftari akasubiri.

"Ninatoka," nikasema.

"Tangu lini?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini nilikuwa najua, kwa siku na kwa mboga. Jumatatu maharage, Jumatano mchicha, Ijumaa usipa, dagaa wa kwetu, aliotuletea dada yangu kutoka ziwani. Nikamwambia: mwezi huu nimemwita mtoto siku kumi na mbili. Muuguzi alikuwa mtu wa huku huku. Hakuniuliza kumwita kufanya nini. Aliandika kumi na mbili.

Kisha akanieleza atakachofanya kabla hajakifanya, na kwa hilo namshukuru hadi leo, kwa sababu nusu ya hofu yangu ilikuwa ni ya kutojua. Alipapasa matiti, moja baada ya jingine, vidole vikizunguka pole pole hadi kwapani, akanifundisha nifanye hivyo mwenyewe kila mwezi. Akabonyeza tumbo. Akaniambia nipande kitandani, nivue nguo ya ndani, nishushe kiuno hadi ukingoni, nipanue magoti. Gauni langu jeupe lililopigwa pasi lilikunjwa hadi tumboni, na lile ua hakuliona mtu.

"Hiki ni chuma," akasema, akinionyesha kifaa chenye midomo miwili kama ya bata. "Nimekipasha kwa maji ya moto kidogo kisikushtue. Kitafungua njia ili nione mlango wa kizazi. Hakiumi ukilegea. Ukijikaza kitakubana. Pumua."

Nikapumua. Kilibana, si kwa maumivu, kwa ugeni tu. Nilitazama dari. Kulikuwa na doa la maji lenye umbo la ziwa letu, refu na jembamba, nikajaribu kupata mahali kijiji chetu kilipo.

"Sasa napaka siki kwa pamba."

"Siki?" nikauliza dari. "Ya kachumbari?"

"Hiyo hiyo, nimeizimua tu."

Chupa za siki nilikuwa nimeziona kwenye maduka ya Mbinga tangu bidhaa zilipoanza kumiminika, nikajiuliza nani ananunua.

"Tunasubiri dakika moja," akasema. "Palipo na mabadiliko mabaya panageuka peupe. Pakigeuka, tutazungumza. Pasipogeuka, tunashukuru Mungu."

Alitazama saa yake ya kifuani. Mimi sikuwa na cha kutazama ila lile doa. Nimezaa watoto wanne, nimevuka ziwa mawimbi yakiingia mtumbwini, nimemzika mama yangu. Dakika ndefu kama ile sijaiona. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: binti yangu amesimama jikoni na kibuyu cha chumvi, na hakuna wa kumwita. Kibuyu hatukuwa nacho tena, chumvi yetu ilikuwa ya pakiti, lakini ndivyo nilivyomwona.

Muuguzi akainamisha taa. Akasogea.

"Hapajageuka," akasema. "Ila kuna kitu hapa. Usiamke. Namwita daktari."

Mtu akikuambia "ila" ukiwa umelala vile, yaliyotangulia yote yanafutika. Na katikati ya hofu ile, aibu nayo haikukosa kuingiza mguu: nikamwuliza daktari ni mtu wa wapi. Kila kijana wa milima ile angeweza kuwa amekaa mbele yangu darasani.

"Wa Tabora," akasema. "Hata ngoro hajui ni nini."

Nilishukuru kwa ajili ya Tabora.

Daktari alikuja, akanisalimia usoni kwanza, si huko chini, akatazama. Akamwuliza muuguzi jambo moja, akajibiwa. Akaniambia kuna kinyama kimeota kwenye mlango wa kizazi, kinaning'inia, na ndicho kinachotoa damu kikiguswa; wanawake wengi wa umri wangu wanakuwa nacho. Atakikamata kwa koleo na kukizungusha hadi kikatike, sasa hivi, nitahisi kama kufinywa. Nikahisi kama kufinywa. Kisha akaniletea kichupa. Ndani kulikuwa na kitu chekundu, kidogo kuliko punje ya harage.

"Ni hiki tu?" nikauliza.

"Hiki tu. Kwa ninavyoona si kansa, na siki haikuonyesha ubaya. Lakini tutakipeleka kikapimwe, kwa uhakika. Utaona damu kidogo siku mbili tatu, usishtuke. Na mwakani uje tena, hata kama huumwi."

Majibu yalikuja wiki kadhaa baadaye, nayo yalikuwa safi. Nayasema hapa msije mkakaa roho juu kama nilivyokaa mimi.

Daktari alipotoka, nilishuka kitandani nikavaa. Vifungo vikanishinda, na muuguzi akanifungia kama mtoto. Ndipo nilipomwambia habari ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, wala mume wangu. Nilimwambia mama yangu alitoka damu akiwa amekwishakoma, na kwamba ni mimi niliyekuwa natia chumvi.

"Muda gani?" akauliza.

"Tangu kupanda hadi kuvuna."

Alimaliza kifungo cha mwisho. Sikutaka aniambie kwamba nilikuwa mtoto, kwamba si kosa langu. Hayo nilikwishajiambia na hayakunisaidia. Hakuyasema.

"Wewe umewahi," akasema, akanipa daftari langu.

Nililia hapo hapo, kilio cha nguvu, mkono mdomoni. Kisha nikatoka nikapita mbele ya benchi, na yule mama wa mwanafunzi wangu akainuka nusu. "Haiumi," nikamwambia. "Ukijikaza ndiyo inabana. Pumua." Nilisema kwa sauti ile ile ya darasani, na nadhani alitii kwa mazoea.

Njia ya kurudi niliitembea kama msichana. Mlima ulikuwa ule ule, magoti yale yale, lakini nilipata lifti ya gari la mnunuzi wa kahawa kwa kipande, nikakaa juu ya magunia na kuimba nyimbo za Kinyasa ambazo sikuwa nimeziimba tangu niolewe. Dereva alidhani nimeuza vizuri.

Hata hivyo, nilipokaribia nyumbani, furaha ilianza kuingiwa na hasira. Nilikuwa nawaza juu ya baba yangu aliyetazama majivu. Alijua. Alikula mboga ile tangu kupanda hadi kuvuna, akaona nani ametia chumvi. Majirani walijua wakatania. Nyumba nzima iliambiwa kila siku, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kusema. Na mume wangu je?

Nilimkuta uani akigeuza kahawa kwenye kichanja.

"Mratibu kasemaje?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Sikwenda kwa mratibu. Nilikwenda hospitali kupimwa kizazi."

"Najua."

"Unajua?"

"Mtu hapeleki takwimu za madawati na gauni la ndani jipya." Aliendelea kugeuza kahawa, lakini mikono ilikuwa inageuza mahali pale pale. "Nilikuwa nasubiri useme."

"Na mimi nilikuwa nasubiri uulize!"

Nilipiga kelele, nakiri. Kuku walikimbia. Yeye akaiacha kahawa, akanigeukia, na nikaona kwamba siku zote zile kumi na mbili naye alikuwa akizihesabu, na alikuwa amekonda kwa hesabu hiyo. Nikamweleza yote: siki, kile kinyama, Tabora. Nilipofika kwa "si kansa" alikaa chini juu ya gunia tupu, akavua kofia yake, akaipangusia uso. Kisha nikamweleza habari za mama. Alinishika mkono, mchana kweupe, uani, jambo ambalo watu wa milimani hawalifanyi.

Jioni nilipika usipa wa dada yangu na nyanya. Binti yangu alikuwa amekwisha kukaa karibu na figa, pakiti ya chumvi mapajani, anasubiri kuitwa.

"Lete," nikamwambia.

"Nitie mimi?"

"Leo natia mwenyewe."

"Siku zimekwisha?"

"Bado damu inatoka kidogo. Daktari amesema ni ya kawaida, itakoma." Niliyasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi na baba yake amekaa hatua tatu kutoka hapo. Sikuwahi kusikia mwanamke akisema maneno hayo jikoni, wala mimi sikuwahi kuyasema.

Binti yangu akaziba mdomo. "Mama! Baba atakohoa!"

"Kesho nitakueleza," nikamwambia, "na siku yoyote ukiona jambo kama lile, uniulize tena. Ukiniona nakasirika, uulize tena."

Nikatia. Tukaandaa. Baba watoto alinawa, akamega ugali, akachovya, akala. Binti yangu hakula. Alikuwa anatazama kifua cha baba yake. Mimi nami, mwalimu wa sayansi, nilikuwa nakitazama.

Alitafuna taratibu. Akameza. Akanisogezea bakuli la mboga.

"Chumvi imepungua," akasema. "Niongezee."

Nikachota kwa vidole vitatu, nikamwongezea.